UZI: Kupandisha volti za DC kutoka 12 mpaka 60 kwa Arduino Uno (kipimia taa za nyuma za TV)

Fundi wa Wete (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Mie natengeneza TV hapa Wete. Ugonjwa ninaoletewa kuliko yote ni ule wa "sauti ipo, picha hakuna". Ukimulika kioo kwa tochi ya simu unaiona picha kwa mbali, imezama gizani. Hapo ujue taa za nyuma zimekufa. Taa hizo zimeungwa moja baada ya moja kama shanga kwenye uzi, basi ikifa moja zinazima zote. Kuijua ipi iliyokufa kunataka umeme wa DC unaoweza kuupandisha polepole. Mkanda wa taa nane za volti 3 unataka karibu 24, wa taa nane za volti 6 unataka karibu 48, na TV ya leo haifanani na ya jana. Betri ya sola ninayo, volti 12. Arduino Uno (bodi ndogo ya kuandikia programu) ninayo, volti 5. Hiyo 48 itoke wapi?

Vipimia vya tayari vinauzwa, najua. Nilitaka changu, kinachokula betri ili umeme ukikatika kazi isilale, na nilitaka kujua ndani yake mnapita nini. Naandika yote, pamoja na pale nilipoharibu, kwa sababu maelezo mengi niliyoyakuta mtandaoni yanaishia kwenye mchoro na fomula moja, na fomula ile ndiyo iliyoniponza.

Kwanza tuelewane: pini ya Uno haipandishi kitu. Inatoa volti 5 na mkondo wa kutegemea ni miliampea 20. Ikifika 40 uko ukingoni mwa kuiua chipu. Kazi ya pini hapa ni kuamrisha tu. Mbebaji ni koili, waya uliozungushwa mizunguko mingi. Mosfeti (swichi inayoamrishwa kwa volti) ikifungua njia, mkondo unatoka kwenye betri, unapita kwenye koili na kushuka ardhini, na kila sekunde ndogo inayopita unazidi kukua. Ukiukata ghafla, koili haikubali. Hamali wa bandarini analijua hili: mkokoteni uliojaa magunia ukishashika kasi, ukiukwamisha ghafla gunia la juu linaruka mbele. Koili inausukuma ule mkondo kwa volti yoyote itakayohitajika mpaka upate pa kupita, na njia pekee uliyouachia ni daiodi (inapitisha umeme upande mmoja tu), inayokwenda kwenye kapasita, ghala la umeme. Fanya hivyo mara maelfu kwa sekunde, kapasita inajaa kupita volti za betri.

Vitu vyangu ni hivi. Koili ya mikrohenri 220 inayostahimili zaidi ya ampea 1, nimeing'oa kwenye bodi ya TV iliyokufa. Mosfeti IRL540N, ya volti 100. Herufi ile L muiangalie vizuri: IRF540 inataka kama volti 10 kwenye geti (mguu wake wa kupokea amri), ukiipa 5 za Arduino inafunguka nusunusu na kuchemka. Daiodi UF4007. Hapa msidanganywe na sura, 1N4007 ni pacha wake kwa macho lakini imetengenezwa kwa umeme wa hezi 50. Ukiiwasha na kuizima mara elfu 31 kwa sekunde haiwahi kufunga, na volti ulizozipandisha zinarudi zilikotoka. Kapasita mikrofaradi 100, na volti zake nitazieleza chini kwa sababu hapo ndipo pana kisa. Kwenye waya wa betri weka fyuzi ya ampea 1, kabla ya kitu kingine chochote.

Mapigo: amri ya kawaida ya Arduino, analogWrite, kwenye pini 9 inatoa hezi 490. Kwa koili ndogo kama hii ni balaa, njia inabaki wazi muda mrefu mno, koili inashiba, na ikishashiba imekuwa waya mtupu kati ya betri na ardhi. Nimetumia Taima 1 (kihesabio cha muda ndani ya chipu) moja kwa moja. Uno inakwenda megahezi 16. Ukiweka ICR1 kuwa 511, taima inahesabu 512 kisha inaanza tena, unapata hezi 31,250. Urefu wa pigo unauandika kwenye OCR1A. Nimeifunga isizidi 230, yaani asilimia 45.

Kusoma volti: rezista ya kiloomu 150 juu, kiloomu 10 chini, kati yake waya wa kwenda A0, pini ya Arduino ya kusomea volti. Volti 80 za nje zinaonekana kama 5 ndani. Hatua moja ya kusoma ni volti 0.078, inatosha kabisa. Msikuze rezista hizo ovyo mkitaka kuokoa mkondo, chipu inataka inachosomea kisizidi kiloomu 10 hivi, la sivyo namba zinayumba. Voliumu ya kuchagulia volti iko A1. Programu yenyewe ni fupi: soma, linganisha, zikipungua ongeza OCR1A kwa moja, zikizidi punguza kwa moja, zikizidi kwa volti 2 zima palepale. Kusoma mara moja kunachukua kama mikrosekunde 110 (sehemu 110 za sekunde iliyogawanywa mara milioni), basi unapata masahihisho maelfu kwa sekunde bila hesabu ngumu.

Ukizima, zima kweli. Kwa mtindo huu wa taima, OCR1A ikiwa sifuri pini bado inatoa kipande chembamba cha pigo kila duru. Itoe pini kwenye taima kisha iandikie chini.

Naendelea chini na kisa.

Mkoani Kwetu

Waalaykum salaam kaka. Kwa nini usichukue kibodi cha tayari cha kupandisha volti? Mimi ninavyo viwili vya MT3608, unageuza kiskrubu tu.

Fundi wa Wete

Ndugu yangu, MT3608 mwisho wake volti 28. XL6009 inakwenda mpaka 35 hivi. Mkanda wa 48 hauwaki. Kama kazi yako inaishia 24, basi chukua hivyo hivyo, ni vizuri na havina matata.

Sasa kisa. Fomula mnayoikuta kila mahali inasema volti za nje ni volti za ndani gawanya kwa moja toa sehemu ya muda wa kuwaka. Kwa hesabu hiyo, kutoka 12 kufika 60 unahitaji kuwasha asilimia 80 ya muda. Mie nikaamini kwamba ukiwasha asilimia 30 utapata 17 tu na huwezi kupata zaidi. Nikaona nipo salama.

Fomula si ya uongo. Ni ya koili ambayo mkondo wake haukauki hata mara moja, yaani mzigo mkubwa. Taa za TV ninazozipima kwa miliampea 20 ni mzigo mdogo. Koili inajimwaga yote kwenye kapasita kabla duru haijaisha, halafu inakaa bure ikisubiri. Hali hiyo hesabu yake nyingine kabisa: kila pigo linapeleka fungu lake la nguvu kwenye kapasita, na volti zinapanda mpaka mzigo uweze kulila lile fungu. Kwa koili yangu, volti 60 na miliampea 20 zinapatikana kwa asilimia 30 tu. Nilipopima nilikuta hivyohivyo, OCR1A ilisimama karibu 155.

Sasa jiulizeni: mzigo ukiondoka kabisa, lile fungu linaliwa na nani? Waliobaki ni zile rezista mbili za kusomea, kiloomu 160. Kwa asilimia hiyohiyo 30, hesabu inasema volti zinapita 300.

Hapo mwanzo nilikuwa na kapasita ya volti 63. Nilikuwa na kioo kidogo cha kuonyesha namba, kile cha nyaya mbili za mawasiliano. Waya mmoja wake ulikuwa umelegea. Nilikuwa nimekaa barazani, mkanda unawaka vizuri kwenye 46, mama kaanika karafuu kwenye jamvi hatua tatu kutoka kwangu. Nikauchomoa mkanda kuweka mwingine. Kumbe wakati huo programu ilikuwa imekwama inasubiri jibu la kioo ambalo haliji, na mie nikitazama kioo naona 46 imesimama, nikadhani mambo mazuri. Programu ilikwama, lakini taima haikwami. Taima ni mashine nyingine ndani ya chipu, inaendelea kupiga mapigo ya urefu uleule uliouandika mara ya mwisho, hata kama hakuna anayeiangalia. Haikuchukua muda. Kapasita ilipasuka kama fataki, kofia yake ikaruka, karatasi yake ya ndani ikatoka kama pamba yenye moshi, na maji yake yakaniparaza mkono. Harufu ya kapasita iliyopasuka ikaingia kwenye karafuu. Mama alilikunja jamvi bila ya kusema neno, na siku ile sikufanya kazi tena. Macho yangu yalikuwa upande, alhamdulillah. Tangu hapo sikai mbele ya bodi inayopandisha volti bila ya miwani.

Hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Tunafundishana jinsi ya kupandisha na hatufundishani jinsi ya kuzizuia zisipande.

Redio ya Zamani

Mwanangu pole, na shukuru Mungu kwa macho yako. Mimi nimeshika redio na amplifaya tangu enzi Pemba inakula umeme wa majenereta ya dizeli ya Wesha, kabla ya waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010. Sijui kuandika programu. Lakini nakwambia jambo moja: ulinzi wa volti usimpe yule yule anayezitengeneza.

Tafuta zena (daiodi inayozuia mpaka volti zifike kiwango chake) ya volti 62, ipo 1N4759. Itoke kwenye volti za nje, ipite rezista ya kiloomu 1, iingie kwenye besi (mguu wa amri) ya transista BC547. Besi na ardhi weka kiloomu 10. Kolekta yake ikamate njia ya amri inayokwenda kwenye geti. Volti zikigusa 62, zena inapitisha, transista inaivuta amri ardhini, mosfeti inanyamaza. Zikishuka inaachia. Hapo programu ikiwa macho au imelala ni mamoja.

Fundi wa Wete

Shikamoo mzee wangu. Nimeifanya leo asubuhi. Kutoka pini 9 nimeweka rezista ya omu 330 kwanza, ili BC547 ikiivuta amri chini pini isitoe zaidi ya miliampea 15. Kisha kwa makusudi nikauchomoa waya wa kioo programu ikwame, nikauondoa mzigo, miwani machoni, nikasimama mbali na mita. Zikapanda, zikasimama 62 na kidogo. Dakika kumi nzima, palepale. Nimebadilisha na kapasita pia, sasa ni ya volti 100. Mungu akuzidishie afya mzee.

Nimeongeza mawili. La kwanza, kiloomu 10 kutoka njia ya amri kwenda ardhini. Arduino ikiwa inaanza, au unapoipakia programu mpya, pini zake zote zinaning'inia hewani, na geti inayoning'inia inaweza kufunguka yenyewe. La pili, chipu ya Uno ina mlinzi wake wa ndani: unamwambia kama hujasikia kutoka kwangu robo sekunde, anzisha upya. Nimemwasha. Wenye Nano (Arduino ndogo zaidi) za zamani wawe waangalifu, programu ya kuanzia iliyomo ndani ya baadhi yake haimjui mlinzi huyo, bodi inabaki inajianzisha tu bila kikomo.

Dada wa Jang'ombe

Kaka, mosfeti yako haichemki? Mimi nilijenga kitu kama hiki cha kuwashia mikanda ya ukumbini na kidole hakikai.

Fundi wa Wete

Inachemka, dada yangu, ikiwa pini inalisha geti peke yake. Geti ni kama kapasita, IRL540N inataka kujazwa na kumwagwa kila duru, na pini ya miliampea 20 inaijaza kwa kusuasua. Muda ule iko nusu wazi nusu imefungwa ndio inapopika.

Dada wa Jang'ombe

Basi weka transista mbili, BC337 na BC327, katikati. Besi zao pamoja zipokee amri, emita zao pamoja ziende kwenye geti, kolekta ya 337 kwenye volti 5, ya 327 ardhini. Utapoteza kama volti 0.6 juu, geti itapata 4.4, na kwa hiyo yako yenye L inatosha. Yangu ilipoa hapohapo.

Na jambo jingine la sisi wa visiwani: zile rezista za kusomea zipake vanishi baada ya kulehemu. Bodi yangu ilikaa miezi mitatu karibu na dirisha linalotazama bahari, chumvi na unyevu vikajenga njia yao wenyewe juu ya bodi pembeni ya rezista ya chini. Bodi ikaona volti zimepungua kumbe hazijapungua, na ikawa inazisukuma juu. Rezista kubwa kama kiloomu 150 hata uchafu kidogo unashindana nayo.

Fundi wa Wete

Hili sikuwahi kulifikiria, wallahi. Nimeichukua bodi nikaiosha kwa spiriti, vanishi napaka usiku huu. Na BC337 ninazo kwenye amplifaya mbovu.

Mwanafunzi Unguja

Assalaam alaykum. Samahani kaka, mimi nipo skuli, tunafanya mradi. Nahitaji volti kutoka sifuri mpaka 20, mkondo mdogo tu, miliampea 5. Mzunguko wako unaweza kuanza sifuri?

Fundi wa Wete

Waalaykum salaam mdogo wangu. Hauwezi, na umeuliza jambo ambalo lazima wote wajue. Hata mosfeti ikizimwa kabisa, njia ipo wazi kutoka betri, koili, daiodi, mpaka nje. Chini kabisa unapata 11 na nusu. Hii ina maana nyingine kwa sisi wa TV: ukichukua taa moja ya volti 3 ukaiunga moja kwa moja, inakufa mkononi mwako kabla hujagusa voliumu. Kwa taa mojamoja nina waya wa pili wenye rezista ya kiloomu 1.

Wewe usijenge changu. Chukua kibodi cha MT3608, kiweke 24. Hizo 24 ziilishe LM358 (chipu ya kukuzia volti), inakubali mpaka 32. Pini ya PWM (ya kutoa mapigo) ya Arduino ipitishe kwenye rezista ya kiloomu 10 na kapasita ya mikrofaradi 10 kwenda ardhini, mapigo yatalainika yawe volti tulivu kutoka 0 mpaka 5. Ziingize kwenye LM358 iliyopangwa ikuze karibu mara 5: kiloomu 39 kutoka pato kurudi mguu wenye alama ya kutoa (−), kiloomu 10 kutoka mguu huo kwenda ardhini. Utafika 20 bila taabu, mwisho wake kama 22. Hakuna koili ya kukusumbua zaidi ya iliyomo kwenye kibodi, na miliampea 5 ni kazi nyepesi kwake.

Mwanafunzi Unguja

Ahsante sana kaka. Mwalimu alituambia kuna njia ya daiodi na kapasita tupu, bila koili.

Fundi wa Wete

Ipo, na mwalimu kasema kweli. Pini mbili zinapiga kwa zamu, kila ngazi ya daiodi na kapasita inaongeza karibu volti 5 ukitoa 0.7 za daiodi. Ngazi tano unakaribia 25 bila mzigo. Ukiweka mzigo zinaporomoka, kwa sababu kila ngazi inaipa inayofuata kikombe kidogo tu. Nzuri kwa kupima zena kwa miliampea 1, si kwa zaidi.

Mkoani Kwetu

Kaka nimerudi. Umetushawishi, nimejenga. Swali: nikiunga mkanda mzuri kwenye 48, taa moja inapasuka mwanga halafu inakufa. Volti ni sawa kabisa kwenye mita.

Fundi wa Wete

Unaunga wakati kapasita imeshajaa, sivyo? Taa haiuliwi na volti, inauliwa na mkondo. Ile kapasita ikijaa inamwaga yote kwa mkupuo. Anza chini daima: voliumu sifuri, unga mkanda, kisha pandisha.

Na uweke macho kwenye mkondo. Kwenye waya wa kurudi wa mkanda mie nimeweka rezista ya omu 47, ya wati 5. Miliampea 20 zikipita unapata volti 0.94 juu yake, naisoma A2, hatua moja ni miliampea 0.1. Programu inaangalia viwili, volti na mkondo, chochote kitakachofika kwanza ndicho kinachoizuia. Rezista hiyohiyo inakuokoa ncha zikigusana, betri haitaweza kusukuma zaidi ya robo ampea. Ila zikigusana wakati kapasita imejaa, A2 itaona volti nyingi kwa kitambo, kwa hiyo itangulizie kiloomu 10 na zena ya volti 5.1. A0 nayo ipe zena kama hiyo.

Mikono iwe mikavu, ndugu. Nimesimama 60 makusudi. Jasho letu la chumvi linaifanya ngozi ipitishe, na sitaki kuona mtu hapa ananyoosha mzunguko huu mpaka 200 kwa kubadilisha zena na mosfeti tu.

Mkoani Kwetu

Nimeweka omu 47 na zena zote. TV ya inchi 32 ya jirani, mkanda wa taa 8. Nilianza chini, nikapanda mpaka 60, hakuna hata moja iliyowaka, mkondo sifuri. Nikagusisha waya mfupi juu ya taa mojamoja nikianzia kushoto, kila mara narudisha voliumu chini kwanza. Ya tano ilipopigwa waya, saba zilizobaki zikaanza kupata mwanga mdogo kama kimulimuli, mkondo ukapanda taratibu na kusimama 20, volti 42. Hiyo ya tano ina doa jeusi dogo katikati, kwa macho nisingeliona. Naagizia taa ya volti 6 Darajani, inakuja na boti ya kesho.

Redio ya Zamani

Ukiilehemu mpya angalia upande wa chanya, mwanangu, na bati la chini yake lipashe moto kwanza.